Sikio Kabla ya Skrini

Hotuba kwa walimu wa sekondari, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule mliopo, walimu wenzangu, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kurekodi masomo ya video: programu za kurekodi skrini, maiki, na namna ya kuvitumia. Naona wengi mmeshashika kalamu mkisubiri majina ya programu. Majina nitawapa. Kwanza naomba nirudi nanyi hadi Machi 2020.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona nilikuwa na Kidato cha Tatu, Kemia, na tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia kwenye dhana ya moli, kipimo cha kuhesabia chembe za dutu. Wenzangu wa Kemia mnajua uzito wake. Mtoto akiachwa kwenye moli, hesabu zote zinazofuata atazibeba kwa kukariri. Sikutaka wanangu waachwe pale. Nikaazima ubao mdogo, nikaegemeza simu kwenye makopo ya maziwa juu ya meza, nikafundisha dakika 40, kipindi kizima, kwa moyo wote. Nilipomaliza, faili lilikuwa na zaidi ya GB 5. Nilihangaika nalo siku mbili hadi likapanda mtandaoni.

Jioni ya siku ya tatu mwanafunzi mmoja akanitumia ujumbe kwa simu ya mama yake. Aliandika: "Mwalimu nakuona unaandika, lakini nasikia feni tu."

Mtoto yule alisubiri mama arudi kutoka sokoni ili aipate simu. Bando la mama lilikwenda lote kunifuata mimi, na alichokipata ni feni. Ujumbe ule ninao mpaka leo, na kila ninachowaambia asubuhi hii kimetoka humo. Tumezoea kuanza na kompyuta yetu: ina nguvu gani, tuweke programu gani, kamera ipi inatutoa vizuri. Mimi naomba tuanzie upande wa pili kabisa, kwenye sikio la mwanafunzi na kwenye bando la mzazi wake, ndipo turudi nyuma hadi mezani kwetu.

Tuanze na sikio. Picha ikiwa hafifu, mwanafunzi anayekusikia vizuri bado atafuata somo. Ataandika unachosema na atachora mwenyewe. Sauti ikiwa mbovu, picha nzuri namna gani haitamsaidia. Na walimu tunadanganywa na madarasa yetu, kwa sababu darasani tunapaza sauti na watoto wa nyuma wanasikia. Sikio la binadamu linajua kuchagua: linamfuata mwalimu na kuiacha feni. Maiki haichagui. Inapokea kila kinachoifikia.

Hapa fizikia inatusaidia. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili, nguvu ya sauti yako inayofika inabaki robo. Simu yangu ilikuwa kama mita mbili kutoka niliposimama. Laiti ningekuwa na maiki sentimita 20 kutoka mdomoni, sauti yangu ingefika na nguvu mara 100 zaidi, na feni ingebaki vilevile ilivyokuwa. Mara 100, bila kununua mashine yoyote ya bei kubwa! Kwa hiyo kipimo changu ni shubiri. Nyoosha kiganja, kidole gumba kwenye kidevu, kidole cha mwisho kinapoishia ndipo maiki inapokaa. Isikae mbele ya mdomo moja kwa moja, ikae pembeni kidogo, ili pumzi za herufi "p" na "b" zisiipige.

Maiki gani? Kama shule inaweza kununua kitu kimoja tu, nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Inayoonekana sana madukani ni BOYA BY-M1. Waya wake una urefu wa mita 6 na ina swichi ya kuchagua simu au kamera. Angalieni hiyo swichi kila mara kabla ya kuanza. Na kwa maiki yoyote ya waya, tazameni pini. Yenye mistari mitatu myeusi ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera. Ukichomeka ya mistari miwili kwenye simu, kwa kawaida simu haitaitambua. Itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani, huku wewe ukijiona umevaa maiki kifuani. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: anza kurekodi, kwaruza maiki kwa ukucha, kisha sikiliza. Usiposikia mkwaruzo, maiki hiyo haifanyi kazi.

Hata kama hakuna fedha ya maiki, kazi haisimami. Zile hedifoni zinazokuja na simu zina maiki kwenye waya, na ni afadhali kuliko maiki ya kompyuta mara nyingi. Njia nyingine, na hii ndiyo niliyoitumia kwa mwaka mzima, ni kuigeuza simu kuwa kinasa sauti. Kompyuta inarekodi skrini, simu iko shubiri moja kutoka mdomoni inarekodi sauti peke yake. Unapoanza, piga kofi moja kali. Baadaye ukifungua mafaili yote mawili kwenye programu ya kuhariri, utaona mchoro wa sauti umepanda kama mwiba mahali pamoja; unalinganisha miiba miwili, sauti na picha zinakwenda sawa. Unazima sauti mbaya ya kompyuta, unabaki na ile ya simu. Programu ya Shotcut inafanya kazi hiyo bila malipo.

Kisha chumba. Nyumba zetu ni za saruji na sakafu ya vigae, na sauti inagonga kuta na kurudi. Mwangwi huo ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu mno kuutoa, kwa hiyo uzuieni kabla. Tundikeni mablanketi, kanga mbili mbili, mapazia mazito. Sogezeni godoro lisimame ukutani nyuma yenu. Kabati lililojaa nguo, ukilifungua milango na kuketi ukilielekea, linakuwa studio nzuri kuliko ofisi ya mkuu wa shule. Feni izimwe. Najua ninawaambia nini, nami ni mtu wa Tanga; joto la Februari tunalijua wote. Rekodi dakika sita, washa feni, pumua, rudi tena. Mvua ikianza kupiga bati, acha kabisa. Hakuna programu itakayoitoa mvua ya bati bila kuiharibu sauti yako. Mimi saa yangu ni baada ya Isha, kama saa nne usiku, bodaboda zikishapungua na nyumba ikishalala.

Kelele ndogo inayobaki, ule mvumo wa kompyuta au wa friji ya chumba cha pili, Audacity inaishughulikia. Ni programu huria, ya bure, iliyoanza kutolewa mwaka 2000 kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, na kompyuta za zamani zinaibeba. Siri yake iko kwenye sekunde tano za mwanzo. Kabla hujasema neno, nyamaza sekunde tano huku unarekodi. Hicho kimya ndicho utakachokichagua baadaye na kuiambia programu: hii ndiyo kelele, ijue. Kisha unachagua rekodi yote na kuipunguza. Msiwe na pupa. Ukipunguza sana, sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, na mwanafunzi anachoka kuisikiliza bila kujua kwa nini.

Sasa skrini, ambayo ndiyo mliyoijia.

Wengi wenu mna PowerPoint, na slaidi mmeshaziandaa. Anzeni hapo. PowerPoint inarekodi sauti kwa kila slaidi peke yake, kisha inatoa video ya MP4. Faida yake kwa mwalimu ni kubwa: ukikosea slaidi ya saba, unarudia ya saba tu. Ina tabia moja ya kuangalia. Wakati slaidi moja inaondoka na nyingine inaingia, hairekodi sauti. Ukizoea kuongea huku unabonyeza, kila slaidi itaanza na neno lililokatwa. Maliza sentensi, bonyeza, subiri slaidi itulie, endelea.

Ukitaka kuonyesha programu nyingine, jedwali la Excel au mchoro wa GeoGebra kwa mfano, unahitaji kurekodi skrini yenyewe. Windows 11 ina kirekodi ndani ya Snipping Tool. Mac ina chake, bonyeza Shift, Command na 5 kwa pamoja. Simu za Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020 zinakuja na kirekodi skrini; kiko kwenye menyu ile unayoishusha kutoka juu. Kabla ya kuanza kitakuuliza unataka sauti ya nini, chagua maikrofoni. Hivyo vinatosha kwa kazi nyingi.

Mimi hata hivyo nafanya kazi na OBS Studio, na nitasema kwa nini. Ni huria, ni bure, haina kikomo cha dakika wala haibandiki chapa yake juu ya somo lako, na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Mara ya kwanza inatisha kwa sababu ya vitufe vingi, lakini mwalimu anahitaji vitu vichache tu. Ongeza chanzo cha picha, yaani skrini au dirisha. Ongeza maiki. Tazama mstari wa sauti: ukiongea kawaida uishie kwenye njano, ukigonga nyekundu mara kwa mara punguza, kwa maana sauti iliyopasuka haishoneki. Bonyeza maiki kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye vichujio, weka kile cha kupunguza kelele. Basi. Kwenye laptopu nyingine utakuta skrini nyeusi tupu. Hizo huwa na kadi mbili za picha, nawe itabidi uingie kwenye mipangilio ya Windows uilazimishe OBS itumie kadi ileile inayoendesha skrini.

Na jambo moja la OBS niliandike kwa herufi kubwa ubaoni: MKV.

Nilikuwa nimerekodi dakika 25 za kusawazisha milinganyo, rekodi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo ikazima palepale. Umeme uliporudi faili lilikuwepo, ukubwa wake ulikuwepo, lakini halikufunguka. Nililia, walimu wenzangu, sioni haya kusema. Baadaye nikaelewa kilichotokea. Faili la kawaida la MP4 ni kama kitabu ambacho faharasa yake huandikwa mwisho kabisa. Umeme ukikatika kabla ya kuandikwa, kurasa zote zipo lakini kompyuta haijui ipi ni ipi. MKV, aina nyingine ya faili la video, inajiandika huku inaendelea, ukikatikiwa katikati unabakiwa na yote uliyokwisha kuyasema. Ingieni kwenye mipangilio ya OBS, chagueni MKV, rekodini. Mkimaliza, kwenye menyu ya Faili kuna kazi ya kuligeuza kuwa MP4, na inachukua sekunde chache tu kwa sababu haigusi picha wala sauti, inabadilisha chombo cha kubebea.

Kwa sisi wa Kemia, Fizikia na Hisabati, slaidi si kila kitu. Mwanafunzi anataka kuona mkono ukitatua. Pangeni vitabu nguzo mbili mezani, lazeni ubao mwembamba juu yake, simu ikae pale ikitazama chini kwenye karatasi. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito. Kama unaandika kwa mkono wa kulia, dirisha au taa iwe kushoto, vinginevyo kivuli cha mkono kitakuwa kinafunika unachoandika. Shikilia kidole kwenye skrini ya kamera hadi ifunge umakini wake, isiwe inahangaika kila mkono unapoingia.

Njia hii si ya kimaskini, na ninataka mliamini hilo. Mwaka 2004 kijana aitwaye Salman Khan, mchambuzi wa masuala ya fedha huko Boston, alianza kumfundisha hisabati binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans, kwa simu na ubao wa kuchorea wa mtandaoni. Ndugu wengine wakaongezeka, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo YouTube. Vifaa vyake vilikuwa Camtasia ya kurekodi skrini, SmoothDraw ya kuandikia, ambayo ni ya bure, na kibao kidogo cha kalamu cha Wacom. Sura yake haikuonekana. Kwa muda alifanyia kazi ndani ya chumba kidogo cha kuhifadhia nguo nyumbani kwake. Humo ndimo Khan Academy ilimokulia. Nami nadhani nguvu ya masomo yale ilitokana na Nadia: alikuwa anazungumza na mtoto mmoja anayemjua, anayejua anakwama wapi.

Jaribuni hilo mkirekodi. Usiseme "wanafunzi wote sikilizeni." Sema "sasa tazama hapa." Anayekutazama yuko peke yake.

Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchunguzi wa masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Walipitia mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video za kozi nne. Waliona kwamba muda wa kawaida ambao mwanafunzi anabaki na video haukuvuka dakika sita, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani. Waliona pia kwamba video za mkono unaoandika ziliwashika wanafunzi kuliko slaidi, na kwamba studio ya gharama kubwa haikuwa lazima. Tangu niliposoma hayo, kipindi changu cha dakika 40 nimekigawa vipande sita. Moli ni nini, namba ya Avogadro, kutoka gramu kwenda moli, na kuendelea. Kila kipande kina swali moja mwishoni la kufanya daftarini.

Tumefika kwenye bando, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo tunapowaacha watoto bila kukusudia. Simu ikirekodi kwa kamera yake katika ubora wa picha wa 1080, inaweza kula kama MB 130 kwa dakika. Ndiyo GB 5 zangu. Slaidi au maandishi yasiyotembea hayahitaji hayo. Rekodi kwa ubora mdogo wa 720, fremu 15 kwa sekunde, kisha lipitishe faili kwenye HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video, nayo ni ya bure. Ukifika kilobiti 300 kwa sekunde za picha na 64 za sauti, dakika sita zinachukua kama MB 16. Herufi bado zinasomeka, ilimradi uliziandika kubwa. Kipimo changu ni kuishika simu yangu kwa mkono ulionyooka na kusoma slaidi bila kukunja uso. Nisiposoma mimi, hasomi mtoto mwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Sasa toa sauti peke yake kutoka somo hilohilo, kilobiti 32 kwa sekunde, mono, yaani sauti ya njia moja. Dakika sita ni MB 1.5 hivi. Kwa hiyo mimi hutuma vitu vitatu kwenye kundi la WhatsApp la darasa: video, sauti peke yake, na picha moja ya ukurasa niliouandika. Mwenye bando atachukua video. Asiyenalo anachukua sauti na ukurasa, na kama nimefundisha kwa kusema ninachokiandika, "moli sawasawa na uzito gawanya kwa uzito wa moli moja," hajakosa somo. Anayesoma bila kuona vizuri naye amepata. Video yenyewe itumeni kama hati, msiitume kama video, maana WhatsApp huibana upya na vile vinamba vidogo vya chini kwenye fomula vinakuwa ukungu. H₂SO₄ inabaki madoa.

Mawili ya usalama, kwa haraka. Weka simu na kompyuta katika hali ya kutosumbuliwa kabla ya kurekodi. Ujumbe wa mambo ya familia uliwahi kunitokea juu ya jedwali la elementi, nikalazimika kurudia yote. Na msirekodi sura wala sauti za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mtoto wa miaka 15 aliyejibu vibaya swali darasani hastahili jibu hilo limfuate mtandaoni miaka kumi.

Yule mwanafunzi wa feni nilimrekodia upya, usiku uleule, chini ya blanketi, sauti peke yake, huku nimeshika tochi kwa meno nisome daftari. Dakika tisa. Asubuhi alinitumia picha ya ukurasa wa hesabu alizofanya. Tatu zilikuwa sahihi, moja alisahau kuzidisha kwa mbili pale kwenye gesi ya oksijeni, kosa ambalo kila mwaka darasa zima hulifanya. Nikamrekodia sekunde 40 za kumwonyesha hiyo mbili.

Baada ya chai tutaingia chumba cha maktaba, wanne wanne. Mablanketi ya bweni tumeshayatundika, kuna maiki mbili za kola na simu tano. Kila mmoja aje na kosa moja ambalo wanafunzi wake hulirudia kila mwaka, na akilini awe na mwanafunzi mmoja anayekwenda kumwambia. Mwalimu wa Fizikia pale nyuma ameshaniambia anaanza yeye, na kani ya msuguano. Feni ya maktaba nimeshaizima.